Ukitaka paro, kwanza fanya kazi

Mwezi wa kumi ukiingia kwenye hoteli za Costa del Sol, pwani ya kusini mwa Hispania, wafanyakazi huanza kuhesabu siku. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, huyu ana siku mia nne na ushei, yule bado kidogo tu afikishe, mwingine anapekua simu akitafuta mkataba wa mwaka juzi aliofanya mgahawani. Watalii wa Uingereza na Ujerumani wanapungua, vitanda vinabaki vimetandikwa, na kila mtu anajua barua za kusimamishwa kazi ziko njiani. Barua zikifika, usitarajie vilio. Mpishi mmoja, mtu mzima aliyechoka na jiko lile kwa miaka mingi, alitoka ofisini na karatasi yake mkononi akatutangazia kwa uso mkunjufu: "Tengo dos años de paro!"

Ukifungua kamusi, paro ni ukosefu wa ajira. Kwa hiyo neno kwa neno, mzee wa watu alikuwa anajigamba kwamba ana ukosefu wa ajira wa miaka miwili. Mgeni angempa pole. Sisi, tuliojua anazungumzia miaka miwili ya kulipwa bila kazi, tulimpa hongera, na mmoja akamwambia anywe bia kwa niaba yetu.

Nimekuwa nikilifikiria neno hili kwa muda, kwa sababu mimi mwenyewe huingia ndani yake kila majira ya baridi na kutoka kila majira ya kuchipua. Kazi yangu ni usafi wa vyumba, "camarera de piso", na mkataba wangu ni wa aina inayoitwa "fijo discontinuo": mwajiriwa wa kudumu, lakini wa vipindi. Hoteli ikifungwa naenda nyumbani, ikifunguliwa wananiita. Katikati hapo ndipo penye paro.

Neno limetokana na kitenzi "parar", kusimama, kukoma. Kituo cha basi ni "parada". Moyo ukisimama ghafla, daktari anasema "paro cardíaco". Wavuvi wa Mediterania wakilazimishwa kufunga boti gati ili samaki wazaliane, hiyo ni "paro biológico", na kwa sisi wa pwani hilo halihitaji maelezo marefu: ni kama kule kwetu wanavyofunga miamba ya pweza. La ajabu ni kwamba Kilatini walikochota kitenzi hicho, "parare", maana yake ilikuwa kuandaa, kuweka tayari. Maneno nayo yana safari zake.

Lakini Hispania ukisema "el paro", pasipo kuongeza kitu, hakuna anayefikiria moyo wala samaki. Sikiliza watu wanavyolitumia. "Estoy en el paro": sina kazi. "Me voy al paro": naachishwa. "Apuntarse al paro": kwenda kujiandikisha kwamba huna kazi. "Cobrar el paro": kupokea pesa za kutokuwa na kazi. "La cola del paro": foleni ya wasio na kazi, ambayo siku hizi haionekani sana barabarani kwa kuwa miadi hupangwa kwenye intaneti, ila magazeti hayajaiacha. "El paro ha subido": idadi ya wasio na kazi imepanda, habari ya kila mwanzo wa mwezi. Halafu kuna "se me acaba el paro", paro yangu inaisha. Aliyetoka nje ya nchi angedhani ni habari njema, kwamba mtu amepata kazi. Kumbe ni habari mbaya kupita zote: kazi bado hana na pesa zinakatika. Na wapo wasemao "me he comido el paro", nimeila paro yote, kama vile sisi tunavyosema fulani amekula mtaji.

Neno moja limebeba hali, pesa, muda, ofisi na takwimu. Jeraha na dawa yake vimepewa jina moja. Kwetu ukosefu ni ukosefu. Ukimuuliza kijana wa Tanga anafanya nini siku hizi, akikujibu "nipo nipo tu", umeelewa, na hakuna ofisi popote inayojua kwamba yupo yupo tu. Mhispania akisema yuko kwenye paro, kuna faili lenye jina lake, kuna tarehe ya kuanza, na kuna tarehe ya kuisha.

Na kuna masharti. Ili upate paro yenyewe, ile ya kuchangia, lazima uwe umefanya kazi na kuchangia angalau siku 360 ndani ya miaka 6 iliyopita. Ukiwa na siku 360 unapata miezi 4. Kadiri ulivyochangia zaidi ndivyo unavyopata zaidi, mpaka kikomo cha siku 720, na hizo ndizo ile "miaka miwili" ya mpishi wetu. Ili ufike huko unahitaji siku 2,160 za kazi, yaani kama miaka 6 kamili. Kwa siku 180 za mwanzo unalipwa asilimia 70 ya wastani wa mshahara uliokuwa ukichangiwa, na baada ya hapo asilimia 60. Wakati wa mdororo, kuanzia 2012, ile sehemu ya pili ilishushwa hadi asilimia 50, na haikurudishwa mpaka 2023. Kuna dari pia: mwaka 2024 mtu asiye na watoto hakuweza kuzidi yuro 1,225 kwa mwezi, hata kama alikuwa meneja.

Pesa hizo hazitoki mbinguni. Kwenye karatasi ya mshahara, chini ya makato, kuna mstari mwembamba ulioandikwa "Desempleo", ukosefu wa ajira. Kwa mkataba kama wangu nakatwa asilimia 1.55, na mwajiri anaongeza 5.5 kutoka mfukoni mwake. Angalia hapo: karatasi haisemi paro. Sheria nayo inasema "prestación por desempleo", fao la ukosefu wa ajira. Paro ni neno la barabarani, la baa, la vichwa vya magazeti, ingawa wizara yenyewe imeshindwa kulikwepa, maana takwimu yake ya kila mwezi inaitwa "paro registrado". Sijawahi kumsikia mtu jikoni akisema "cobro la prestación por desempleo". Angesema hivyo tungedhani anaumwa.

Ofisi za paro ziko mbili, na hapo ndipo wageni wengi hupotea. Anayelipa ni SEPE, idara ya serikali kuu. Zamani iliitwa INEM, na wazee mpaka leo wanakuambia nenda INEM. Anayekuandikisha kama mtafuta kazi ni idara ya jimbo. Huku Andalucía inaitwa SAE. Ukienda kwenye pesa kabla hujaandikishwa unarudishwa, na ukiandikishwa halafu ukasahau kwenda kwenye pesa hupati kitu. Una siku 15 za kazi tangu uachishwe, ukichelewa unakatwa siku ulizochelewa. Kisha kila baada ya miezi mitatu lazima "usaini", watu wanasema "sellar el paro", kugonga muhuri, japo muhuri wenyewe ulishakuwa kitufe cha kubonyeza kwenye simu. Ukisahau mara ya kwanza, mwezi mmoja wa paro umekwenda na maji.

Ndani ya ofisi hakuna ya kusisimua. Mlinzi mlangoni anauliza kama una miadi. Kuna viti vya plastiki vilivyounganishwa, na skrini inayoita herufi na namba. Mtu unayeketi mbele yake anafungua "vida laboral" yako, yaani orodha ya kila siku uliyowahi kuchangiwa nchini humu. Kwa tafsiri ni "maisha ya kazi", na kweli ni maisha: mgahawa ule uliokuchangia nusu siku wakati ulifanya siku nzima upo pale, miezi ile uliyofanya bila karatasi haipo kabisa, kana kwamba ulikuwa umelala. Mama mmoja aliyekuwa dawati la jirani alijikuta anabishana na mstari mmoja kwenye karatasi hiyo. "Lakini nilifanya kazi Julai yote!" Mfanyakazi wa ofisi, bila ukali, alimgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe. Julai ilikuwa na siku tisa.

Swali la msingi analouliza huyo wa dawatini ni moja: uliachishwa, au uliacha? Ukiacha kazi mwenyewe, "baja voluntaria", huna paro, hata kama umechangia miaka ishirini. Hili ndilo linalozaa michezo mingi. Mtu amechoka na bosi wake, anataka kuondoka, lakini hawezi kuacha maana atapoteza. Basi anamwendea bosi kumwomba amwachishe, "arréglame el paro", nitengenezee paro. Ni udanganyifu, wakikamatwa wanalipa wote wawili, lakini kila mtu anamjua mtu aliyemjua mtu. Na upande wa pili wa mchezo ni waajiri wanaomsukumia mgeni karatasi asaini haraka haraka, yeye akidhani anasaini kupokea pesa zake za mwisho, kumbe juu pameandikwa "baja voluntaria".

Kabla ya kuwaona Wahispania ni watu wanaopenda kukaa bure, ni vizuri kukumbuka walikotoka. Mwaka 2006 nchi hii ilianza kujenga nyumba zaidi ya laki sita kwa mwaka mmoja. Vijana waliacha shule wakabebe zege kwa sababu zege lililipa kuliko diploma. Mwaka 2007 ukosefu wa ajira ulikuwa kama asilimia 8, kiwango cha chini ambacho kizazi kile hakikuwahi kukiona. Mwaka 2008 kila kitu kikaporomoka. Robo ya kwanza ya 2013 watu zaidi ya milioni 6 hawakuwa na kazi, takriban asilimia 27 ya nguvu kazi. Kwa vijana wa chini ya miaka 25 ilipita asilimia 55. Mkoani Cádiz, mwendo wa saa chache kutoka ninapoishi, ilivuka 40. Linares, mji wa mkoa wa Jaén uliokuwa ukiishi kwa kiwanda cha magari cha Santana Motor, ulipoteza kiwanda hicho mwaka 2011 na jina lake likawa kama kisawe cha paro.

Familia nzima zilikula pensheni ya bibi. Hilo nalisikia kila mara kwa wenzangu wa hapa, na wanalisimulia bila aibu wala machozi. Baba alikuwa fundi matofali, paro yake ikaisha, akahamia kwenye "subsidio", ile ruzuku ndogo ya yuro mia nne na kitu, nayo ikaisha. Bibi ndiye aliyebaki na kipato cha uhakika, kwa hiyo bibi ndiye aliyekuwa na sauti kuhusu nini kipikwe. Mwisho wa 2024 takwimu ilikuwa imeshuka hadi kama asilimia 10.6. Kwa Ujerumani hiyo ingekuwa msiba wa taifa. Huku waziri aliitangaza kwa tabasamu.

Takwimu zenyewe, tukubaliane, ni uwanja wa ubishi. Zipo mbili. Moja ni ya taasisi ya takwimu, INE, ambayo huuliza kaya kila robo mwaka: ulifanya kazi wiki hii, unatafuta? Nyingine ni ile ya wizara, inayohesabu walioandikishwa ofisini. Hazilingani, na kila chama kinachagua ile inayomfaa. Na hapo katikati tupo sisi wa fijo discontinuo. Desemba mimi nipo nyumbani, napokea paro, lakini kwenye paro registrado simo, kwa sababu kisheria bado nina mwajiri. Kuhesabiwa hivyo kulianza zamani, tangu miaka ya 1980, ila baada ya mageuzi ya sheria ya kazi ya Desemba 2021 mikataba ya namna yetu iliongezeka sana, ndipo upinzani bungeni ukagundua kwamba tupo. Wanasema serikali inatuficha. Serikali inasema hesabu ni ile ile ya siku zote. Binafsi nadhani wote wanasema kweli, na hakuna hata mmoja aliyetuuliza.

Mwaka 2020 ulileta neno jingine. Hoteli zote zilifungwa, na badala ya kuachishwa watu waliingizwa kwenye ERTE, mpango wa kusimamisha mikataba kwa muda huku SEPE ikilipa. Zaidi ya watu milioni 3 walikuwa humo kwa wakati mmoja, na watu walisisitiza tofauti kwa ukali: "No estoy en el paro, estoy en ERTE." Pesa zinatoka dirisha lile lile, lakini heshima si ile ile.

Sasa vuka bahari. Jikoni tulikuwa na dada kutoka Cali, Kolombia. Mwanzoni mwa Mei 2021 alikuwa na simu sikioni kila mapumziko, akimuuliza mama yake kama barabara zimefunguliwa. "Es por el paro," alitueleza, ni kwa sababu ya paro. Kijana mmoja wa Málaga, aliyekuwa akimsikiliza nusu nusu, akatikisa kichwa kwa huruma: ndiyo, paro huku pia ni mbaya. Dada yule akamwangalia. Kwake paro haikuwa kukosa kazi, ilikuwa kuacha kazi kwa makusudi: mgomo, "paro nacional", ulioanza tarehe 28 Aprili mwaka ule kupinga mapendekezo ya kodi, ukageuka wiki za maandamano na vizuizi barabarani, na mji wake ukawa kitovu. Ekwado ilikuwa na wa kwake Juni 2022, ulioitwa na mashirika ya watu asilia, ukadumu siku 18. Ajentina vyama vya wafanyakazi vikiita "paro general", hata ndege haziruki.

Kusimama ni kule kule. Kilichobadilika ni nani amesimamisha. Amerika ya Kusini aliyesimama ni mfanyakazi, kwa hiari yake, na anayeumia ni mwenye mali. Hispania aliyesimamishwa ndiye anayeumia. Hata huku, lakini, maana ile ya mgomo haijafa: wafanyakazi wa reli za chini ya ardhi za Madrid au Barcelona wakitangaza "paros parciales", migomo ya saa chache, jua utachelewa kazini. Mgomo kamili wanauita "huelga", neno lililotoka kwenye "holgar", kupumzika, kustarehe. Waliogoma wakapigwa na polisi wangekuwa na la kusema kuhusu starehe hiyo.

Vichekesho vya "parado" ndivyo vinavyochekesha kuliko vyote. Hispania "parado" ni mtu asiye na kazi. Pia ni mtu mzito, asiye mchangamfu. Nchi nyingi za Amerika ni mtu aliyesimama wima tu. Dada wa Cali aliwahi kuulizwa kwenye basi kama anataka kiti, akajibu yuko sawa, "estoy parada", na abiria mzee akamwambia Mungu atamjalia atapata kazi. Mexico nako wana yao: "hazme un paro" ni nisaidie, nifanyie wema. Chile hawasemi paro bali "cesantía", na bima yao ya mwaka 2002 inaitwa hivyo, "seguro de cesantía". Neno hilo lina historia Hispania pia: karne ya 19 "cesante" alikuwa mtumishi wa serikali aliyefukuzwa kila chama kilipobadilishana madaraka, anazunguka mikahawani na koti lililochakaa akisubiri chama chake kirudi. Kolombia, ukiwa na "cesantías", una pesa: ni akiba ya mfanyakazi ambayo mwajiri huweka kwenye mfuko kila mwaka. Kwa hiyo mtu wa Bogotá na mtu wa Santiago wanaweza kuzungumzia neno moja, mmoja akiwa na furaha na mwingine akiwa na dhiki.

Niliyonayo moyoni zaidi kuhusu paro, hata hivyo, hayako kwenye kamusi. Yanamhusu dada mmoja wa Mombasa, mkubwa wangu, aliyekuwa "interna", yaani mfanyakazi wa ndani anayelala humo humo, akimuuguza bikizee wa Kihispania. Alikuwa na karatasi zote, mkataba, michango ya hifadhi ya jamii. Alimwogesha, alimlisha, alimpangia vidonge vyake kwenye kile kisanduku chenye siku za wiki. Bikizee akafariki mwaka 2021. Mfanyakazi wa ndani, mwajiri akifa, kazi nayo imekufa, na nyumba ya kulala imekufa pia. Sheria ilimpa mshahara wa mwezi mmoja. Nilipomuuliza kama ameshaomba miadi SEPE, alicheka kicheko cha kukata tamaa. "Mdogo wangu, wale ndio wenye paro. Mimi nna ukosefu wa kazi tu."

Alikuwa sahihi kisheria. Katika nchi hii, mpaka vuli ya 2022, wafanyakazi wa ndani walikuwa na utaratibu wao maalumu ambao haukuwa na paro. Wanachangia kwa ajili ya pensheni na matibabu, lakini mstari wa "Desempleo" haukuwemo kwenye karatasi zao. Tena mwenye nyumba aliweza kuvunja mkataba bila sababu yoyote, kwa "desistimiento", kubadili mawazo tu, akilipa siku 12 za mshahara kwa kila mwaka. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya wafanyakazi hao ni wanawake, na wengi ni wageni. Mmoja wao, wa Vigo kaskazini, aliomba achangie ili apate kinga hiyo. Akakataliwa, kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 24 Februari 2022 mahakama ikasema kuwatenga hivyo ni kuwabagua wanawake kwa mlango wa nyuma. Septemba mwaka ule serikali ikatunga amri, desistimiento ikafutwa, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 wakaanza kuchangia paro. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliotaka mambo kama hayo, ulikuwa umepitishwa tangu 2011.

Ila sheria haikurudi nyuma. Miaka yote aliyofanya dada yangu kabla ya Oktoba 2022 haikuhesabiwa kwa paro. Alianza sifuri kwa bikizee mwingine, na siku 360 hazikuweza kutimia kabla ya mwishoni mwa Septemba 2023. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia mtu akisema wageni wanakuja huku kula paro. Paro ya kuchangia hailiwi na mgeni aliyeshuka jana. Mtu asiye na karatasi anayechuma zabibu au kuosha sufuria hayumo kwenye paro hata akikaa bila kazi mwaka mzima. Kwa lugha ya ofisi, ili ukose kazi sawasawa, lazima kwanza uwe umeajiriwa sawasawa.

Mgeni mwenye karatasi naye ana hesabu nyingine. Kibali chake cha kuishi na kufanya kazi kinaweza kuhuishwa akiwa anapokea paro ya kuchangia, kwa hiyo siku za paro ni siku za kibali pia. Na akitaka kwenda nyumbani kumwona mama, lazima aiarifu SEPE kwanza. Wapo waliorudi wakakuta wamekatwa na wanadaiwa, muhuri wa uwanja wa ndege umewasemea. Mwaka 2008, mdororo ulipoanza, serikali iliwapa wageni ofa: chukua paro yako yote, asilimia 40 hapa na 60 ukifika kwenu, usirudi kwa miaka 3. Ilikuwa kwa nchi zenye makubaliano ya hifadhi ya jamii na Hispania, kama Ekwado, Kolombia na Moroko. Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwemo. Wengi wa waliopewa ofa hawakuichukua. Paro ukiila papo hapo unabaki na mlango. Ukiipakia kwenye begi mlango unafungwa.

Watanzania tuna kitu kinachokaribiana na hiki, na kimetugharimu ubishi wetu wenyewe. Sheria za mifuko ya hifadhi ya jamii za 2018 ziliondoa fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ukiacha kazi, na kuleta fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Watu walilalamika, na kwa haki kiasi, maana fao la kujitoa lilikuwa pesa yako unaiona, ya kununua bodaboda au kumalizia bati. Mhispania angeshangazwa na theluthi moja kwa nusu mwaka. Lakini angeuelewa mara moja ule usemi wa "ni jasho langu", kwa sababu naye ndivyo anavyosema kuhusu paro, ingawa paro ni bima wala si akiba, na asiyeachishwa kazi maisha yake yote hatarudishiwa hata senti.

Kwa ndugu mnaofanya kazi huku, au mnaokuja: neno la kuogopa kwenye karatasi si "despido", ni "baja voluntaria". Despido ni kufukuzwa, na aliyefukuzwa ana paro, hata akifukuzwa kwa kosa la nidhamu. Usisaini karatasi usiyoielewa. Omba nakala, usome nyumbani. Ukilazimika kusaini pale pale, andika tarehe ya siku hiyo kwa mkono wako na pembeni ya sahihi uandike "no conforme", sikubaliani. Una siku 20 za kazi za kupinga kufukuzwa na siku 15 za kuomba paro, na zote zinaanza kuhesabiwa bila kukungoja. Ofisi za vyama vya wafanyakazi vya CCOO na UGT zina wanasheria, na kwa wanachama bei huwa nafuu. Nendeni na vida laboral iliyochapishwa, si kwenye simu.